Beijing hadi Shanghai: Ndege ya Saa Mbili au Treni ya Saa Nne na Nusu?

Umbali kati ya Beijing na Shanghai, ukipimwa angani kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 1,070. Reli ya mwendokasi inayoiunganisha miji hiyo, iliyofunguliwa tarehe 30 Juni 2011, ina urefu wa kilomita 1,318, kwa kuwa haikwenda moja kwa moja bali ilipindishwa ili ipite Jinan, Xuzhou na Nanjing. Kwa ndege, ratiba huonyesha safari ya saa 2 na dakika 15 hivi. Kwa treni, zile za haraka kuliko zote hutumia saa 4 na dakika 18, na nyingi zilizobaki hutumia kati ya saa 4 na nusu na saa 6. Anayezisoma tarakimu hizi juu juu atakata tiketi ya ndege papo hapo, na huenda akajuta, kwa sababu ratiba haihesabu muda anaoutumia msafiri kutoka mlango wa chumba chake hadi mlango wa chombo, wala kutoka kwenye chombo hadi anakokwenda.

Ulinganisho huu unamlenga mzungumzaji wa Kiswahili ambaye tayari yuko China au anajiandaa kwenda: mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Beijing, mfanyabiashara anayepitia Shanghai kuelekea soko la Yiwu, au mtumishi aliyeitwa kwenye kikao cha siku moja. Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa wengi wao treni inafaa zaidi, lakini wapo ambao ndege itawaokolea saa nzima, na kinachowatofautisha ni mtaa wanaolala Beijing kuliko kasi ya chombo chenyewe.

Saa za ratiba na zinavyohesabiwa

Zile saa 2 na dakika 15 za ndege huanza kuhesabiwa ndege inapoachia maegesho yake na humalizika inapoegeshwa upande wa pili. Muda wa kuwa angani hasa ni mfupi zaidi, kwa kawaida chini ya saa 2, kwani ndege ya abiria ikishafika juu hukata takriban kilomita 850 kwa saa. Muda unaobaki unaliwa na foleni ya kuruka, mzunguko wa kusubiri kutua, na tahadhari ya mashirika yenyewe, ambayo hupenda kuandika muda wenye nafasi ili yasionekane yamechelewa. China ina sababu nyingine ya ziada: sehemu kubwa ya anga lake iko chini ya usimamizi wa jeshi, na ndege za kiraia zimetengewa njia nyembamba, hivyo mvua ya radi ikiziba njia moja hakuna nafasi kubwa ya kuikwepa, na ndege huzuiliwa chini hadi njia ifunguke. Julai na Agosti, ambapo kaskazini hunyesha mvua za radi na pwani ya Shanghai hupigwa na tufani zitokazo baharini, ndiyo miezi ya kukaa ndani ya ndege iliyokwisha kufungwa milango, mkanda kiunoni, bila kujua itaondoka lini. Upepo wa juu, ambao katika safari ndefu za mashariki na magharibi huongeza au hupunguza dakika nyingi, hapa hauna uzito mkubwa kwa kuwa njia inaelekea kusini zaidi kuliko mashariki.

Kwa upande wa treni, saa za ratiba ni saa za kweli. Reli hii ilianza kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, na tangu Septemba 2017 treni za aina ya Fuxing zimeruhusiwa kukimbia kilomita 350 kwa saa. Njia nzima ina vituo 24, na hakuna treni inayosimama vyote. Inayosimama Nanjing na kingine kimoja au viwili tu ndiyo ile ya saa 4 na nusu au pungufu, ilhali inayosimama vituo tisa au kumi hukaribia saa 6, kwa sababu kila kituo hugharimu dakika za kupunguza mwendo, za kusimama na za kuurudisha mwendo ule mkubwa. Bei ya treni mbili hizo inaweza kukaribiana mno, kwa hiyo mnunuzi asitazame saa ya kuondoka pekee. Atazame na ya kufika.

Hesabu ya mlango kwa mlango

Tumchukue mwanafunzi anayekaa Zhongguancun, kwenye wilaya ya vyuo vikuu ya Haidian, anayekwenda Uwanja wa Umma katikati ya Shanghai, ule ambao kwenye ramani za metro huandikwa People's Square. Akienda kwa treni, metro namba 4 inamfikisha Stesheni ya Kusini ya Beijing bila kubadilisha, kwa dakika 40 hivi. Ajipe dakika 40 nyingine za ukaguzi na za kulitafuta lango lake, kisha saa 4 na nusu za safari, kisha dakika 45 za kutoka stesheni ya Hongqiao na kupanda metro namba 2 hadi katikati ya mji. Jumla inakuwa kama saa 6 na dakika 35.

Akienda kwa ndege kutoka uwanja wa ndege wa Capital hadi ule wa Hongqiao, atapanda metro namba 10 hadi Sanyuanqiao, kisha treni ya uwanja wa ndege, jumla saa 1 na robo. Kaunta hufungwa dakika 45 au zaidi kabla ya ndege kuondoka, na foleni za ukaguzi wa uwanja ule hazitabiriki, kwa hiyo kufika saa 1 na nusu kabla ni kiwango cha chini. Ongeza saa 2 na robo za ratiba, nusu saa ya kushuka na kusubiri begi, na dakika 35 za metro kutoka Hongqiao. Jumla inakuwa saa 6 na dakika 5. Kwa hiyo ile faida ya zaidi ya saa 2 iliyoonekana kwenye ratiba imebaki nusu saa, nayo ni nusu saa ya siku njema. Ndege ikichelewa kidogo tu, treni imeshinda.

Sasa tumweke mtu huyohuyo Sanlitun, mtaa wa balozi nyingi, zikiwemo za Kenya na Tanzania. Hapo mambo yanageuka. Treni ya uwanja wa ndege iko karibu, na kutoka Sanyuanqiao hadi jengo la abiria namba 3 ni chini ya nusu saa, ilhali Stesheni ya Kusini iko upande wa pili wa mji na inahitaji kubadilisha metro. Safari ya ndege inashuka hadi saa 5 na dakika 40 hivi, ya treni inabaki zaidi ya saa 6 na nusu. Anayefuatilia shughuli za pasipoti ubalozini asubuhi na kutakiwa kuwa Shanghai jioni hana sababu ya kuikataa ndege, mradi tu haruki wakati wa radi na amehakikisha anatua uwanja unaomfaa.

Uwanja upi?

Hilo la uwanja ndilo linalowaangusha wageni wengi, kwa kuwa kila mji una viwanja viwili na mitandao ya kukatia tiketi huvichanganya pamoja. Beijing ina Capital, upande wa kaskazini-mashariki, na Daxing, uliofunguliwa Septemba 2019, kilomita 46 kusini mwa Tiananmen. Shanghai ina Hongqiao, kilomita 13 tu magharibi mwa katikati ya mji, na Pudong, kama kilomita 30 upande wa mashariki karibu na bahari. Safari nyingi za ndege kati ya miji hii ni za Capital na Hongqiao, na hizo ndizo za kutafuta. Tiketi ya bei nafuu kupita kiasi aghalabu inatua Pudong, ambako kwa anayekwenda magharibi mwa Shanghai ni kujiongezea saa nzima. Treni inayoelea kwa sumaku kutoka Pudong, iliyoanza kubeba abiria katika miaka ya mwanzo ya 2000, ni nzuri kuijaribu mara moja, lakini inaishia Longyang Road, ambapo mtu analazimika kuingia metro na begi lake.

Hongqiao ina jambo ambalo miji mingi duniani haina: jengo la abiria namba 2 la uwanja wa ndege na stesheni ya treni ya mwendokasi vimejengwa ubavu kwa ubavu, na mtu hutoka kimoja na kuingia kingine kwa miguu, chini ya paa, bila kukanyaga barabara. Kwa mfanyabiashara wa Yiwu jambo hili lina maana kubwa. Akishuka kwenye treni kutoka Beijing anabadilisha treni humohumo, na baada ya saa 1 na nusu hivi, kutegemea vituo, yuko Yiwu. Akitua Hongqiao kwa ndege, naye anafanya vivyo hivyo. Akitua Pudong, ana kazi ya kuvuka jiji zima kwanza, ingawa tangu Desemba 2024 kumekuwa na reli ya moja kwa moja kati ya viwanja hivyo viwili inayotumia dakika 40 hivi.

Nauli

Wakati reli inafunguliwa, kiti cha daraja la pili kiligharimu yuan 555, na kwa miaka mingi kilibaki yuan 553. Tangu Desemba 2020 bei hupanda na kushuka kulingana na siku na treni, na msafiri atarajie kati ya yuan 500 na 660 hivi, ambazo katikati yake ni kama shilingi 10,000 za Kenya. Daraja la kwanza ni karibu mara moja na nusu ya hapo au zaidi, na lile la juu kabisa, lenye viti vinavyolala kama kitanda, hupita yuan 1,700. Kwa safari ya mchana ya saa 4 na nusu sioni sababu ya kulilipia isipokuwa mwajiri ndiye anayelipa.

Nauli ya ndege haina msimamo. Ikikatwa mapema kwa siku isiyo na watu inaweza kuwa sawa na treni au hata chini yake. Ikikatwa jioni ya kuamkia safari hupita yuan 1,000 bila shida. Zaidi ya hapo kuna ada ya uwanja ya yuan 50 na tozo ya mafuta, ambayo kwa safari za ndani ya China hugawanywa kwa umbali: chini ya kilomita 800 na juu yake. Beijing na Shanghai zinaangukia fungu la juu. Ukiongeza yuan 25 za treni ya uwanja wa ndege, tiketi iliyoonekana nafuu huwa imeshakaribia ya treni.

Tofauti kubwa zaidi ya fedha hujitokeza mipango inapobadilika. Treni hurudisha fedha zote ukiirejesha tiketi siku 8 au zaidi kabla ya safari. Hukata asilimia 5 ikiwa zimebaki zaidi ya saa 48, asilimia 10 kati ya saa 48 na 24, na asilimia 20 chini ya hapo. Hata ukiachwa na treni unaweza kuomba kubadilishiwa nyingine ya siku hiyohiyo yenye nafasi, na kwenye njia hii treni ni makumi kwa siku. Tiketi ya ndege yenye punguzo kubwa haina huruma ya namna hiyo.

Pasipoti, mizigo na ukaguzi

Kwenye treni hakuna tena tiketi ya karatasi ya kuonyesha. Pasipoti yako ndiyo tiketi, na kiti kimeandikishwa kwa namba yake. Anayenunua kupitia programu rasmi ya reli, 12306, hana budi kusajili pasipoti na kusubiri ithibitishwe, jambo la kufanywa siku kadhaa kabla, kwa kuwa tiketi hufunguliwa wiki mbili hivi kabla ya safari na katika msimu wa Mwaka Mpya wa Kichina au wiki ya mapumziko ya Oktoba hukwisha mapema. Wenye majina matatu wayaandike yote kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule. Stesheni, lango la tiketi hufungwa kama dakika 5 kabla ya treni kuondoka, na halifunguliwi tena kwa kusihi. Milango ya mashine imewekwa zaidi kwa vitambulisho vya raia, hivyo mgeni asipoweza kupita aelekee moja kwa moja kwenye lango la pembeni lenye mhudumu.

Mizigo inawapendelea abiria wa treni, hasa wenye sampuli za bidhaa. Kanuni inaruhusu kilo 20 kwa mtu mzima na begi ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa havizidi sentimita 130, lakini begi halipimwi kaunta wala halitengwi nawe. Ubaya wake ni kwamba unalinyanyua mwenyewe hadi kwenye rafu ya juu, au unawahi nafasi chache zilizo mwishoni mwa behewa. Ndege za kawaida hutoa kilo 20 za begi la chini katika daraja la kawaida, na zile za bei nafuu hutoa pungufu yake au hutoza kila kilo.

Jambo moja la kuzingatia kabla ya kuelekea uwanjani ni zile betri za akiba za kuchajia simu, yaani pawabenki. Tangu tarehe 28 Juni 2025, safari za ndege za ndani ya China haziruhusu pawabenki isiyo na alama ya usalama ya China iitwayo 3C, hata ukiibeba mkononi. Iliyonunuliwa Kariakoo au Luthuli Avenue pengine haina alama hiyo, na ukaguzini itachukuliwa. Kwenye treni hutaihitaji sana, kwa kuwa chini ya viti kuna soketi za umeme.

Ndani ya treni

Viti vya daraja la pili vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande mwingine, vikiandikwa A, B, C, kisha D na F. Herufi E haipo. A na F ndivyo vya dirishani, na mwenye miguu mirefu achague D, chenye ujia pembeni na jirani mmoja tu. Mwishoni mwa behewa kuna bomba la maji ya moto, na kuanzia Jinan harufu ya tambi za bakuli huenea behewa zima. Chakula cha kuuzwa kipo, na kinaweza pia kuagizwa kwa simu kikaletwa kutoka kituo kilicho mbele, lakini Mwislamu anayejali halali afadhali abebe chake, jambo ambalo halikatazwi. Kwa anayetaka kufanya kazi au kulala, treni nyingi za njia hii zina behewa la ukimya ambalo simu hazipokelewi kwa sauti. Huombwa wakati wa kununua tiketi. Saa 4 na nusu zisizokatizwa, zenye mtandao wa simu karibu njia nzima, ni muda wa kumaliza ripoti. Saa 6 za ndege zimekatwakatwa vipande, na hakuna kipande kirefu cha kutosha kufanyia lolote.

Usiku

Reli ya mwendokasi hufungwa usiku kwa matengenezo, hivyo treni za mwisho za mchana huondoka karibu na saa moja usiku, yaani 19:00 kwenye tiketi, na hufika baada ya saa tano usiku, metro ikiwa inakaribia kufungwa. Ndege za usiku ni nyingi zaidi, ila ndizo zinazobeba machelewesho yote ya mchana kutwa. Kuna njia ya tatu isiyotajwa sana: treni za vitanda ambazo namba zake huanza na herufi D, na ambazo hupita reli ya zamani kwa saa 12 hivi, zikiondoka jioni na kufika asubuhi. Kwa mtu mwenye kikao cha saa tatu asubuhi, kitanda hicho kinamwondolea gharama ya hoteli na ulazima wa kuamka saa kumi alfajiri kuwahi ndege ya kwanza.

Anayeunganisha kwenda au kutoka Afrika

Ndege za Kenya Airways na Air Tanzania hutua Guangzhou, kwa hiyo abiria wake hawahusiki moja kwa moja na njia hii. Wanaopitia Addis Ababa au Dubai ndio wanaoweza kuingia China kwa Beijing au Shanghai, na upande wa Shanghai uwanja wao ni Pudong. Hawa, kama wana tiketi moja inayoendelea hadi mji wa pili, waendelee na ndege, kwa kuwa ikichelewa ni wajibu wa shirika kuwatafutia nyingine. Kama tiketi ni mbili tofauti, mwenye kutoka Beijing kwenda kuunganisha Pudong achukue treni ya asubuhi, ashuke Hongqiao, apande ile reli ya viwanja viwili, na aache angalau saa 5 kati ya kufika kwa treni na kuruka kwa ndege. Ndege yake ikiwa ni ya alfajiri, asafiri siku iliyotangulia na alale karibu na Pudong.